Kata ya Shaame

Mimi ni mshonaji wa kofia.
Vichwa vya Wete navijua kwa inchi:
cha sheha, ishirini na tatu na nusu;
cha Maalim Khatib kimebonyea nyuma;
cha marehemu mume wangu
bado ninacho, uzi wenye mafundo mawili
ndani ya kopo la vifungo.

Cha Shaame sikuwahi kukipima.
Kinakua kila mwezi. Nikisema: nitapima Sikukuu.

Jumamosi ile, mpira wa kona.
Kiwanja cha Mtemani, magoli ya boriti za mikandaa,
majamvi ya karafuu yameanikwa mpaka mstarini;
mpira ukitoka watoto huuendea kwa ncha za vidole
wasikanyage pesa za watu.
Karuka Shaame, karuka Faki wa Bi Raya,
na mpira ukapita zake.
Mlio niliusikia nipo dirishani, sindano mkononi.
Nikadhani mtu kapasua nazi.

Aliinuka mwenyewe, akapangusa magoti,
akacheza dakika tano akiwapasia wapinzani.
Wakacheka.
Nyumbani akaniuliza, "Mama, leo tumekwenda skuli?"
Nikamjibu. Akaniuliza tena.
Nilipomtilia chai, akaniuliza tena.

Spitali, daktari kijana akammulika mboni kwa tochi ya simu.
"Wiki tatu asiguse mpira."
Nikamwambia, basi ntamshonea kofia ya sponji.
Akatabasamu, si kwa kejeli:
"Shona, mama. Itazuia ngozi isipasuke.
Lakini kilichomo ndani kikitikisika,
sponji haina mkono wa kukishika."

Nikarudi na maneno yale
kama mtu aliyepewa chenji pungufu,
nayahesabu njia nzima.

Usiku nikachana godoro la chumba cha wageni.
Kofia ya viua hunila miezi mitatu.
Hii siku mbili:
sponji unene wa vidole viwili juu ya paji,
viwili kwenye panja,
mkanda wa begi la skuli chini ya kidevu,
masikio nikayaacha wazi
asikie filimbi, asikie nikimwita.
Na ukingoni, kwa ndani, pasipoonekana,
nikatia viua saba.
Mkono wangu haujui kushona bila pambo.

Siku ya ishirini na mbili akaivaa.
Kiwanja kizima: "Shaame kavaa kata!
Ndoo iko wapi? We Shaame, kisimani ni huku!"
Muuza juisi ya ukwaju naye akatupia lake:
"Kichwa cha kuku hakistahimili kilemba."

Kata.
Mama yangu alibeba maji miaka arubaini
juu ya kata ya kanga kuukuu,
wala hakuna aliyemcheka,
maana maji yale yalikuwa ya kunywa wao.
Na huyu wangu kabeba nini?
Hesabu za darasa la sita.
Juzuu mbili alizohifadhi, ya tatu nusu.
Sauti ya babake akikohoa.
Njia ya kurudi nyumbani.
Ndoo imo humo ndani, wanangu.
Imejaa. Msiitikise.

Sikuyasema. Nilikaa pembeni nikauma uzi kwa meno.
Alicheza vibaya, alivuja jasho, aliivua mara mbili,
mara mbili nikamtazama, akairudisha.

Baada ya Magharibi mlango wa uani ukagongwa kwa kucha.
Faki. Kabana sponji kwapani,
imetoka kwenye kiti cha pikipiki ya mjomba wake,
inanuka petroli.
Hakusema nishonee. Alisema,
"Mama Shaame, eti kichwa changu inchi ngapi?"

Nikachukua utepe.
Ishirini na moja na robo,
na juu ya sikio la kushoto nundu,
si ile ya mwanangu, hii ya juzi,
ambayo kwao hawaijui.
Nikaibonyeza. Akafumba jicho moja.

"Kaa kwanza," nikamwambia.
"Leo siku gani?"